Mwonjaji wa Sahani Kumi na Sita

Sahani kumi na sita za bati zilitoka jikoni zimejaa, na baada ya saa moja zilirudi jikoni zimejaa vilevile. Ilikuwa siku ya nne. Maharagwe yalikuwa yameganda, ugali wa muhogo umefanya ngozi juu, na Rémy, msaidizi wa wauguzi katika pavio, ile wodi ya upasuaji, alikisukuma kigari chake akitazama chini, maana alijua daktari amesimama mlangoni na anahesabu.

"Zote?" daktari aliuliza kwa Kifaransa.

"Zote, Daktari."

Mzungu huyo alikuwa na miezi mitatu tu Uvira, na watu walikwisha kumpa jina la Bwana Mustari, kwa sababu kila kitu alitaka kikae katika mstari: vitanda, viatu, wagonjwa, hata ndugu za wagonjwa. Tuseme haki, hakuwa mtu mbaya. Alikuta hospitali ambayo kila mgonjwa anakuja na shangazi, watoto watatu na kuku, moshi wa kuni unaingia mpaka chumba cha kupasulia, na mwaka uliopita mtoto mmoja alikuwa ameungua kwa maji ya sufuria. Akaandika barua kwa wakubwa wake huko Bukavu, akaletewa jiko jipya na mpishi mwenye kofia nyeupe, akabomoa vibanda vyote vya kupikia nyuma ya hospitali, akazungusha senyenge. Tangu Jumatatu chakula cha mgonjwa kilikuwa cha hospitali, na ndugu waliruhusiwa kuingia Jumapili tu, saa tisa hadi saa kumi. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja, watu hawakula.

"Una miaka kumi na minane hapa," daktari alisema. "Ukiwaambia wanywe dawa chungu, wanakunywa. Ukiwaambia wale, hawali. Mimi nielewe nini?"

Rémy alianza kuzipanga upya sahani, lakini daktari aliendelea.

"Orodha ya wafanyakazi inakwenda Bukavu mwisho wa mwezi. Wasio na diploma, nimeruhusiwa kubaki na watatu tu. Nitawaweka wanaosaidia mpango huu, si wanaoupinga chinichini."

Diploma ya Rémy ilikuwa mikono yake. Kufunga vidonda alijifunza kwa kutazama, sindano kwa kuelekezwa, na Kifaransa kwa kukemewa. Alikuwa amekalia kuti kavu, naye alijua. Alijua pia kwamba watu wanaogopa, lakini neno lenyewe lilikuwa haramu. Katika mkutano wa kwanza wa wafanyakazi, mlinzi mmoja mzee, Damien, alisimama akasema kwa heshima zote kwamba watu wanaogopa sumu. Daktari alichukulia kwamba ametukanwa yeye. "Katika hospitali yangu hakuna anayemtilia mtu sumu," alisema, na wiki iliyofuata Damien hakuwa mlinzi tena. Tangu hapo kila mtu aliumeza ulimi wake.

Mle ndani, kitanda cha mwisho karibu na dirisha, alilala Mama Consolate, mjane mkulima kutoka Kiringye, aliyepasuliwa tumbo siku tisa zilizopita. Alikuwa amegeukia ukuta. Kidonda chake kilikuwa hakifungi, na haikuhitaji diploma mtu kujua kwamba kidonda hakifungi kwenye mwili wenye njaa. Rémy alimvutia shuka akamfunika mabega. Alimwona anakwisha, na aliona aibu kwamba wasiwasi wake wa kwanza ulikuwa orodha.

*

Nyumbani Kilibula, sufuria mbili kubwa za Léocadie zilikuwa zimefudikizwa chini ya ukingo wa paa. Kwa miaka saba mke huyu wa Rémy alikuwa na kibanda nyuma ya hospitali, akiwauzia bugali na ndakala, wale dagaa wa ziwani, wagonjwa waliokuja bila ndugu. Kibanda chake kilibomolewa pamoja na vingine. Hakulia siku ile, alichukua sufuria zake akatembea nazo kichwani mpaka nyumbani, na tangu siku ile alikuwa na ulimi wa pilipili.

"Leo tena?" aliuliza, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo.

"Leo tena. Yote imerudi."

"Na ule mama wa Kiringye?"

"Anakunywa tu maji. Jana amekula ndizi moja, ile binti yake amemutupia kwa dirisha. Masera ameona, amefunga dirisha." Masera ndiye mtawa wa Kizungu aliyesimamia jiko na mashuka.

Léocadie aliacha kutwanga. "Bwana Mustari wenu anafikiri bantu banakataa maharagi. Hapana maharagi, Rémy. Weye unajua nilikuwa nafanyaka nini mbele ya kumupa muntu sahani?"

"Ulikuwa unamuomba falanga."

"Kisha ile." Hakucheka. "Nakata tonge, nachovya, nakula. Yeye iko ananitazama. Nikimeza, njo ananyoosha mukono. Hata mu kilio, hata mu arusi, nani anakupa pombe bila kuonja mbele yako? Sasa bo banaleta sahani imefunikwa, mupishi hakuna mwenye kumujua kwabo, na mwenye kuileta anaweka chini, anakimbia. Hata weye haungekula."

Desturi hiyo Rémy aliijua tangu alipokuwa ananyonya, na kwa vile hakuna aliyewahi kumfundisha, hakuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kufundishwa. Naye alikuwa mmoja wa hao wanaoweka sahani na kukimbia. Miaka kumi na minane ya kuvaa nguo nyeupe ilikuwa imemsahaulisha jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama mkono wa anayemlisha.

"Sasa nifanye je? Niende kumwambia munganga?"

"Umwambie uone. Damien amemwambia, iko wapi?" Akashika tena mchi. "Weye uko na kinywa. Onja."

"Kuna amri. Kijiko moja, kinywa moja. Iko imeandikwa mu ukuta."

"Basi beba kijiko yako."

*

Kesho yake adhuhuri, watawa walipokuwa kanisani, Rémy alifunga mlango wa pavio. Alitoa kijiko mfukoni, akasogeza kigari mpaka kitanda cha mwisho, akainama.

"Mama, geuka. Nitazame."

Consolate aligeuza kichwa polepole. Rémy alifunua sahani mbele ya macho yake. Alichota maharagwe katikati, si pembeni, kwa sababu pembeni hapamtoshelezi mtu mwenye shaka. Akamimina yaliyo kwenye kijiko katika kiganja chake, akala kutoka kiganjani, ili kijiko kisiguse mdomo wake kabisa. Miaka kumi na minane si michache, vijidudu alikuwa anavijua. Akamega na ugali, akatafuna, akameza, akafungua kinywa ili mama yule aone ndani. Kisha akangoja, kwa sababu desturi inataka kungoja.

"Ule mupishi unamujua?" Consolate aliuliza.

"Namujua, iko wa Runingu. Lakini hata ningekuwa simujui, si nimekula?"

Mama yule alinyoosha mkono. Alikula tonge saba, na machozi yalimtoka bila sauti wakati anakula, na Rémy naye alilazimika kutazama pembeni.

"Na shiye?" mtu aliuliza kutoka upande wa wanaume, ng'ambo ya pazia. Alikuwa Sévère, mvuvi aliyevunjika mguu, mwenye mwili wa watu wawili, na njaa ya watu wawili. "Mama peke yake njo muntu? Kuya onja na huku."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kitanda kwa kitanda, mara mbili kwa siku, Rémy alionja sahani kumi na sita. Alipofika kitanda cha kumi na mbili tumbo lilikuwa limejaa, na za mwisho alizimeza kama mtu anayemeza kwinini. Lakini sahani zilirudi tupu, na nyingine zilirudi zimelambwa. Wagonjwa hawakuulizana wala hawakuambizana. Walijua tu kwamba muzungu asijue.

Jean-Berchmans alijua pia. Huyu alikuwa muuguzi kijana mwenye diploma, mtoto wa wakulima wa Runingu, kola yake imepigwa pasi kila siku. Alifungua mlango mara moja, akaona, akaufunga tena. Jioni alimwambia Rémy, "Papa, minye sikuona kitu." Rémy alimshukuru kwa hilo.

Baada ya wiki moja daktari alikuja mwenyewe kutazama kigari kinarudi. Alitabasamu, jambo ambalo halikuwa limeonekana Uvira. Akampa Rémy mkono mbele ya watu.

"Unaona? Ilikuwa kuzoea tu. Nimeandika Bukavu kwamba mpango umefaulu. Na jina lako nimeliweka la kwanza katika wale watatu."

Siku ile Rémy alirudi Kilibula anatembea wima. Ila Léocadie alipoweka chakula, alikitazama kwa huzuni, akasukuma sahani.

"Siwezi. Nimeshiba."

"Nani anakupikia kule?"

"Mupishi wa serikali."

"Ah. Kumbe sasa uko bwana ya mupishi," Léocadie alisema, na kwa mara ya kwanza tangu vibanda vibomolewe, alicheka kweli. Walicheka wote wawili. Aliambiwa habari ya orodha, akasema labda sasa watapaka nyumba chokaa kabla ya mvua. Lilikuwa jambo dogo, lakini walilizungumza mpaka walipolala.

*

Husemwa za mwizi ni arobaini. Za Rémy, ambaye hakuwa mwizi, hazikufika hata kumi na tano. Jumamosi adhuhuri, Masera alikuwa amesahau miwani yake kwenye kabati la mashuka, akarudi kutoka kanisani kuifuata. Alipofungua mlango wa pavio, Rémy alikuwa kwenye kitanda cha tatu, kijiko mkono wa kulia, analamba kiganja cha kushoto.

Masera hakupiga kelele. Alimwendea, akanyoosha vidole viwili, akakichukua kile kijiko, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa kijiko cha nyumbani, si cha hospitali. Akamwambia amfuate.

Ofisini daktari alikiweka kijiko juu ya meza, katikati ya karatasi zake.

"Unakuja kazini na kijiko chako mfukoni," alisema. "Unakula chakula cha wagonjwa. Na mimi nimekuwa nikiandika kwamba wagonjwa wanakula."

"Wanakula, Daktari. Mimi ninaonja tu." Basi Rémy aliamua kusema, na aliposema alisema yote: mlango, katikati ya sahani, kiganja, kungoja. Alisema kwamba kwao huwezi kumpa mtu chakula bila kukila mbele yake, kwamba si kumtukana mpishi, ni adabu tu, na kwamba akiacha kuonja leo, kesho sahani zitarudi zimejaa. Kifaransa kilimpotea mara mbili, akaongeza kwa Kiswahili. Jasho lilimtoka lakini moyo ulikuwa mwepesi. Alikuwa na hamu ya kulitoa jambo hili tangu mwanzo.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Haikosi aliguswa, kwa sababu alikaa akifikiri.

"Umeonja kwa kila mgonjwa?"

"Kila mgonjwa."

"Na wote wameona?"

"Wote, Daktari. Ndiyo maana yake."

"Basi tukawaulize. Ikiwa ni kweli, tutatafuta njia."

Rémy nusura amshike mkono. Alitembea mbele kuelekea pavio, anakaribia kukimbia.

*

Walisimama katikati ya chumba, daktari, Masera, Rémy, na Jean-Berchmans wa kutafsiri. Pazia lilivutwa. Daktari aliuliza, na Jean-Berchmans akatafsiri neno kwa neno, kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi, "Munganga anauliza, huyu bwana amekula chakula yako, hata kidogo?"

Sévère ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alimtazama daktari, akamtazama mtawa, akaona kijiko mkononi mwake. Mvuvi anajua wavu anapouona.

"Huyu? Hapana. Hajagusa kitu yangu."

"Sévère," Rémy alisema, "sema tu kweli. Nimebaambia yote."

"Njo kweli. Hajagusa."

Wa pili akasema hapana. Wa tatu, ambaye sahani yake ilikuwa bado miguuni pake na shimo la kijiko katikati, akasema hapana, na kwamba hajawahi kumwona Rémy akila chochote maisha yake yote. Wa nne hapana. Rémy aliwasihi. Aliwaambia hakuna ubaya, kwamba wakikubali ndiyo watamsaidia. Lakini kila alivyozidi kusihi, ndivyo walivyozidi kuona kwamba mtu wao amebanwa, na kwamba Wazungu wamemlazimisha aseme ili wamfunge. Watu walishaona namna hiyo. Walishaona mtu analetwa kati ya askari wawili, anaambiwa awaombe jirani zake waseme ukweli, na wakisema, harudi.

Masera alikuwa akihesabu kwa vidole. Jean-Berchmans aliendelea kutafsiri kwa sauti ya shuleni, na masikio yake yalikuwa yamekolea damu.

Wa mwisho alikuwa Consolate. Kidonda chake kilikuwa kimeanza kufunga, uso ulikuwa na rangi. Alijiinua kwa kiwiko, jambo ambalo wiki iliyopita lisingewezekana, akashika rozari yake shingoni.

"Kwa jina ya Bikira Maria," alisema, "huyu mwana hajakula hata punje moja ya maharagi yangu. Iko muntu wa Mungu." Na alipomaliza akamtazama Rémy, akashusha kope kidogo, kama mama anayemwambia mtoto kwamba mambo yamekwisha.

Rémy alisimama pale. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, uchovu wa miaka kumi na minane uliomjia kwa mara moja.

Nje kwenye baraza daktari hakupandisha sauti. "Ungekuwa mwenye njaa, ningesamehe. Mishahara yenu naijua. Lakini umenitungia hadithi ya kuonja, umewasingizia watu kumi na sita, umemchafua mpishi, na ulikuwa unapita vitanda vya walio hoi, wasioweza kujitetea. Hivyo ndivyo ninavyoelewa sasa."

"Daktari, wanaficha kwa ajili yangu."

"Kumi na sita? Na yule mama ameapa." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Vua."

Rémy alivua ile nguo nyeupe, akaikunja kwa mistari yake, akampa Masera. Kijiko hakurudishiwa. Jean-Berchmans alimfuata mpaka kwenye kona.

"Papa, ningesema nini? Kama ningesema najua, angeniuliza juu ya nini nilinyamaza."

"Hujakosea, mwanangu."

"Sasa chakula ya leo nitaipeleka je?"

"Onja," Rémy alisema.

Kijana alitazama kola yake, akatazama mlango wa ofisi. "Minye niko na diploma," alisema polepole, si kwa majivuno, bali kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Akarudi ndani.

*

Rémy alikaa kwa Damien, yule mlinzi mzee aliyefukuzwa, mpaka jua lilipopoa, kwa sababu hakujua ataanzaje kumwambia Léocadie. Kisha akashika njia ya nyuma ya hospitali, kandokando ya senyenge. Wanawake walikuwa wamekaa chini pale vibanda vilipokuwa, na vifurushi vyao magotini, wakingoja Jumapili. Mmoja wao alisimama alipomwona. Alikuwa Bernardine, binti wa Consolate, mwanamke mwenye mimba kubwa aliyetembea kwa miguu kutoka Kiringye. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Papa Rémy. Mama ameongea na minye kwa dirisha." Alimshika mikono yote miwili, akainama kidogo. "Anasema nikuambie usiogope tena. Kitanda kwa kitanda, bote bamekuficha. Hakuna hata moja amekuuza."

Rémy alimtazama. Alitaka kuwakasirikia watu hawa, akatafuta pa kuanzia, asipaone. Wangempa nini kingine? Hawakuwa na kitu, walikuwa na neno lao tu, na walikuwa wamempa lote, mpaka la Bikira Maria.

"Nimesikia," alisema. "Mwambie aksanti. Bambie bote, aksanti sana."

"Lakini yeye leo hajakula. Ule kijana ameleta sahani, ameiweka tu, amekwenda. Mama anasema anakungoja weye, hata kama ni mpaka mangaribi."

Bernardine hakuwa ameona kwamba hana nguo yake nyeupe. Au aliona, akafikiri ameifua.

"Asiningoje," Rémy alisema. "Ya leo nimekwisha kuonja. Nimeonjea kule mu jiko, mbele ya kuipakua. Nimekula sahani nzima."

"Weye mwenyewe?"

"Minye mwenyewe. Mwambie ale, na babo bengine bale. Kesho vilevile. Nitakuwa naonjea kule kule mu jiko."

"Basi kama ni weye umesema, atakula," Bernardine alisema, akaenda haraka kuelekea dirishani, mkono mmoja chini ya tumbo.

Rémy alishika njia ya Kilibula. Siku nzima alikuwa ameitwa mwongo, na huo ndio uliokuwa uongo wake wa kwanza.